Meza Imejaa na Hukuagiza Kitu: Maswali ya Wasomaji kuhusu Migahawa ya Kifamilia ya Indonesia

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaofanya kazi, wanaosoma au wanaojiandaa kutembelea Indonesia, na karibu zote zinauliza kuhusu migahawa midogo ya kifamilia, ile ambayo baba yuko jikoni, mama yuko kwenye fedha na watoto ndio wanaobeba sahani. Barua zilizohusu hoteli za kitalii tumeziweka kando, kwa kuwa huko mgeni hupewa menyu yenye picha na mhudumu aliyefunzwa kumwelekeza. Katika mgahawa wa familia chakula kimekwisha kupikwa tangu asubuhi kwa uamuzi wa mwenye nyumba, na anayeingia hana budi kujua namna ya kuchagua, kuuliza na kukataa bila kumvunjia mtu heshima.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimehamia Jakarta kikazi hivi karibuni. Mimi na mwenzangu tuliingia kwenye mgahawa wa chakula cha Padang, na kabla hatujasema neno, kijana mmoja alikuja na sahani nyingi alizozipanga kwenye mkono mmoja, akazitandaza zote mezani. Tuliona si adabu kuziacha, kwa hiyo tukaonja kila moja kidogo. Bili ilipokuja tulishtuka. Je, tulifanyiwa hila? (Mgeni wa Jakarta)

JIBU: Marahaba. Hila haikuwapo, ila mlikula kwa kanuni ambayo hakuna aliyewaeleza. Mtindo huo huitwa hidang. Mgeni haagizi, bali huletewa sehemu ya karibu kila kilichopikwa siku hiyo, akala anachokipenda, na mwishoni mhudumu huja kuhesabu kilicholiwa. Sahani isiyoguswa hurudishwa kwenye dirisha la kioo linaloonyesha vyakula na haimo kwenye bili. Kwa hiyo adabu mliyodhani mnaionyesha ndiyo iliyopandisha gharama, na mwenye mgahawa asingenuna hata kidogo kama mngekula sahani mbili na kuziacha nyingine zote kama zilivyoletwa.

Hesabu hufanywa kwa kipande. Sahani ikiwa na vipande viwili vya rendang, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa tui la nazi na viungo kwa saa nyingi mpaka mchuzi ukakauka, aliyekula kimoja hulipia kimoja. Ndiyo sababu kukimega kipande kwa ajili ya kuonja tu ni sawa na kukinunua. Wali una bei yake, na wa kuongeza una bei yake pia. Kisamvu kilichochemshwa, sambal ya kijani, yaani pilipili zilizosagwa, na mchuzi wa kumwagia wali mara nyingi huchukuliwa kuwa sehemu ya wali, ingawa si kila nyumba inafanya hivyo. Vitu vinavyowaponyoka wageni wengi ni vile vinavyokaa mezani muda wote kana kwamba ni vya bure: chupa ya maji, mifuko ya krupuk (vibanzi vyembamba vya kukaanga), ndizi na tishu zenye unyevu zilizofungwa kwenye karatasi. Ukifungua, umenunua.

Mna ruhusa kamili ya kumwambia kijana asiache sahani fulani, au aondoe mbili tatu ili mpate nafasi ya kukunjua viwiko. Jambo hilo lina manufaa zaidi kwa mtu asiyependa viungo vya ndani vya mnyama, kwa maana kati ya sahani hizo huenda mkakuta ubongo wa ng'ombe ndani ya mchuzi wa manjano, mapafu yaliyokaangwa yakawa makavu, na utumbo, na si kila kimoja kinajitambulisha kwa macho. Aliye peke yake, au mwenye bajeti ndogo, afanye lililo rahisi zaidi: aende kwenye dirisha la kioo lenye sahani zilizorundikwa, aonyeshe kwa kidole anachotaka kiwekwe juu ya wali kwenye sahani moja, basi. Wenyeji wengi hufanya hivyo wakati wa chakula cha mchana, na hakuna anayewaona wachoyo.

Kwa kuwa umehamia Jakarta, utaikuta migahawa hii kila mtaa, na sababu yake inafaa kujulikana. Padang ni makao makuu ya jimbo la Sumatra Magharibi, nchi ya Waminangkabau, ambao nyumba na mashamba ya ukoo hurithiwa kupitia kwa mama. Vijana wa kiume kwa desturi huondoka kwao kwenda kutafuta maisha, mwendo unaoitwa merantau, na wengi wao wakafungua migahawa kila walikofika. Baadhi ya migahawa hiyo bado inafuata mfumo wa kugawana faida uitwao mato, ambapo mpishi, mhudumu na mwosha vyombo hupewa pointi kulingana na kazi zao na kugawana kinachobaki baada ya gharama, badala ya kulipwa mshahara wa kudumu. Mkiona kijana anakokotoa bili ya watu wanane kwa kutazama tu sahani zilizochafuka, huku hakosei, huenda fedha anayoihesabu ni yake pia.

SWALI: Assalaam alaikum. Tunatarajia kusafiri na mume wangu kwenda Bali na baadaye Medan. Kwa kuwa Indonesia ina Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote, au karibu na hapo, je, tunaweza kula popote bila kuuliza? (Mke na mume wasafiri)

JIBU: Waalaikum salaam warahmatullah. Msiache kuuliza, na hasa katika sehemu hizo mbili mlizozichagua.

Wakazi wengi wa Bali ni Wahindu, na chakula kinachosifiwa zaidi katika warung, yaani vibanda na migahawa midogo ya kifamilia, za kisiwa hicho ni babi guling, nguruwe mzima aliyebanikwa kwa kuzungushwa juu ya moto. Hata chakula kinachoonekana kuwa cha mboga, kama lawar, ambacho ni mboga zilizokatwakatwa na kuchanganywa na nazi, mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe na wakati mwingine damu. Hata hivyo, Waislamu kutoka Java na Lombok wamejaa Bali, na migahawa yao huandikwa waziwazi kwamba ni warung ya Waislamu, kwa hiyo hamtalala njaa. Medan, kwa upande wake, ni mji wenye Waislamu wengi na Wakristo wengi wa kabila la Batak. Migahawa ya Wabatak huitwa lapo, na mabango yake hutumia vifupisho ambavyo mgeni hawezi kuvibahatisha: BPK ni nguruwe wa kubanikwa wa Wakaro (tawi la Wabatak), B2 ni nguruwe, na B1 ni mbwa. Hakuna anayewaficha; wanaohusika wanavielewa vifupisho hivyo, nanyi sasa mmevielewa.

Kwa ujumla, mgahawa wa Kipadang ni mahali ambapo Mwislamu hula bila wasiwasi mkubwa, kwa sababu Waminangkabau ni Waislamu na huuchukulia Uislamu kuwa sehemu ya utambulisho wao. Penye kuhitaji uangalifu ni kwenye tambi na wali wa kukaanga unaopikwa na familia za asili ya Kichina, ambako mafuta ya nguruwe na mvinyo wa kupikia uitwao ang ciu hutumika katika baadhi ya majiko. Kibandiko kinachosema kwamba hakuna nguruwe ni ahadi ya mwenye mgahawa tu, si cheti.

Cheti kina utaratibu wake. Sheria namba 33 ya mwaka 2014 iliweka msingi wa uhakikisho wa bidhaa halali, na wakala wa serikali uitwao BPJPH ndio unaotoa vyeti, vikiambatana na nembo ya rangi ya zambarau, iliyotumika tangu 2022, yenye umbo la gunungan, ule mlima wa michezo ya vivuli vya wayang. Muda wa mwisho kwa wazalishaji wa kati na wakubwa wa vyakula ulikuwa 17 Oktoba 2024, lakini wafanyabiashara wadogo na wadogo sana wameongezewa muda mpaka Oktoba 2026. Migahawa mnayoiuliza iko karibu yote katika kundi hilo la pili, kwa hiyo kukosekana kwa nembo ukutani hakumaanishi kwamba chakula ni haramu. Ulizeni maneno mawili: «Ini halal?», yaani hiki ni halali? Mwenye mgahawa wa nguruwe atawajibu hapana bila kinyongo, na mara nyingi atawaelekeza kwa jirani anayewafaa.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili wadogo. Mume wangu amepata kazi Surabaya na tutamfuata. Nasikia kila chakula kina pilipili. Watoto watakula nini tukitoka? (Mama anayejiandaa)

JIBU: Dada, ondoa hofu, ila jifunze kutofautisha pilipili iliyo pembeni na pilipili iliyo ndani. Sehemu kubwa ya ukali wa chakula cha Java iko katika sambal, ambayo huletwa kwenye kibakuli au huwekwa ukingoni mwa sahani ili kila mtu ajipimie. Kuku wa kukaanga, kimanda, supu ya kuku ya soto, uji wa mchele wenye kuku, katlesi za viazi ziitwazo perkedel, na opor, ambayo ni kuku katika mchuzi mweupe wa nazi, vyote kwa kawaida havina ukali. Surabaya utakutana pia na rawon, supu nyeusi ya nyama ya ng'ombe inayopata rangi yake kutokana na mbegu za keluak. Watoto huogopa rangi, lakini ladha yake ni ya upole kuliko sura yake. Kecap manis, sosi ya soya iliyotiwa sukari ya mnazi au ya mtende, itakuwa rafiki yao wa kwanza, na sitashangaa ikiwa itakuwa ya kwanza kuisha nyumbani kwenu.

Tatizo ni vyakula ambavyo pilipili imepikwa ndani: chochote kilichoitwa balado, michuzi mingi ya Sumatra, na takriban kila kitu cha Manado, mji wa kaskazini mwa Sulawesi. Hapo kusema «tidak pedas», yaani bila ukali, hakusaidii, kwa kuwa chakula kipo tayari na mpishi hawezi kuitoa pilipili iliyokwisha kuingia. Sentensi hiyo itumie kwenye chakula kinachopikwa papo hapo, kama wali au tambi za kukaanga. Tena uliza juu ya kila chakula peke yake, si juu ya mgahawa mzima, maana mpishi aliyezoea ukali atakuapia kwamba mchuzi si mkali, naye hasemi uongo kwa ulimi wake. Mtoto akiungua, mpe wali mkavu, tango au maziwa. Maji hayaondoi kiini cha ukali, kwa sababu hakiyeyuki katika maji bali katika mafuta.

SWALI: Je, ni sahihi kula kwa mkono mbele ya watu? Na mhudumu anaitwaje bila kumkosea? (Mwanafunzi, Bandung)

JIBU: Ni sahihi, kwa mkono wa kulia, na hasa kwenye mgahawa wa Kipadang au wa Kisunda, yaani wa wenyeji wa Java Magharibi, kama mingi ya hapo Bandung, ambako majani mabichi huchovywa kwenye sambal kwa vidole. Bakuli dogo la maji, pengine lenye kipande cha ndimu, ni la kunawa vidole, usilinywe. Ukipewa kijiko na uma, kijiko hushikwa kulia na ndicho kinachoingia kinywani, uma hushikwa kushoto kwa kusukumia. Kisu hakiletwi.

Kuhusu kuita, mwanamume mwenye umri huitwa Pak na mwanamke Bu, popote nchini. Kijana wa kiume kwa Kijava ni Mas na wa kike ni Mbak. Wasunda wa Bandung husema Aa na Teteh, na kwa Mpadang ni Uda na Uni. Yote haya ni majina ya ndugu, kaka na dada, mama na baba, na yanafanya kazi ambayo kupiga makofi au kupunga noti hakuwezi kuifanya. Ukitaka kuwachekesha wa Padang, omba wali wa kuongeza kwa kusema «tambuah ciek, Da».

SWALI: Mhariri, mimi ni mtu wa afya na nina shaka. Chakula kimekaa dirishani tangu asubuhi bila moto wala barafu. Kwa nini tusiambiane ukweli kwamba si salama? (Muuguzi msomaji)

JIBU: Muuguzi, shaka yako ina msingi na hatutaipuuza. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na sahani nyingi za dirishani huvuka muda huo. Kuna mambo matatu yanayopunguza hatari bila kuiondoa. La kwanza ni mzunguko wa wateja: mgahawa wenye msongamano kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana humaliza sahani na kuleta nyingine kutoka jikoni, ilhali ule ulio mtupu saa 10 jioni una chakula kilekile cha asubuhi. La pili ni aina ya mapishi. Rendang iliyokauka kweli ina maji machache na viungo vingi, na kwa karne nyingi imekuwa chakula cha kubeba safarini. Mchuzi wa tui la nazi unaolowesha sahani ni kitu kingine kabisa, na ndio wa kwanza kuharibika. La tatu ni kuchemsha upya, jambo ambalo familia makini hulifanya kwa michuzi yake, na ambalo unaweza kuliomba.

Msimamo wetu ni huu: nenda mapema, chagua kinachotoka mvuke au kinachokaangwa mbele yako, na usidanganywe na ukubwa wa mgahawa, kwa kuwa jengo kubwa lenye paa la umbo la pembe za nyati, kama nyumba za Waminangkabau, linaweza kuwa na wateja wachache kuliko kibanda cha pembeni. Warung za Tegal, zijulikanazo kama warteg, ambazo familia kutoka mji huo wa Java ya Kati zimezieneza Jakarta, huwauzia vibarua, walinzi na makarani kutwa nzima, na mara nyingi sahani zake hazipati muda wa kupoa. Barafu na maji ya bomba ni suala jingine: maji ya bomba hayanywewi, na chai ya moto ndiyo chaguo la busara. Ukisema «teh tawar» utaletewa isiyo na sukari. Ukisema chai tu, katika sehemu nyingi za Java utaletewa tamu.

SWALI: Nina mzio mkali wa karanga, na mke wangu hali nyama wala samaki. Je, kuna mgahawa wa familia unaotufaa sote wawili? (Bwana na Bibi, Yogyakarta)

JIBU: Kwa mke wako ndiyo, kwa masharti. Kwako wewe jibu letu ni la tahadhari kubwa.

Java ni nyumbani kwa tempe, soya iliyochachushwa ikashikana kuwa bamba, na tofu iko kila mahali, kwa hiyo asiyekula nyama hapungukiwi na protini. Kikwazo chake ni terasi, uduvi waliochachushwa na kusagwa, ambao huingia kwenye sambal, kwenye mboga za mchuzi na hata kwenye baadhi ya sosi za gado-gado, mboga zilizotiwa sosi ya karanga, bila kuonekana. Krupuk nyingi pia zina kamba. Akisema hali nyama, mpishi anaweza kumwelewa kuwa hali nyama ya ng'ombe tu na akampa kuku kwa moyo mweupe. Ataje kimoja kimoja: «tanpa daging, tanpa ayam, tanpa ikan, tanpa terasi», yaani bila nyama, bila kuku, bila samaki, bila terasi. Kwa kuwa mko Yogyakarta, gudeg, yaani fenesi changa lililopikwa kwa tui na sukari kwa saa nyingi, litamvutia, lakini huandaliwa pamoja na kuku, mayai na mchuzi wa ngozi ya ng'ombe, na huenda likawa limepikwa na supu ya nyama. Aulize. Katika miji mikubwa ipo pia migahawa ya familia za Kibudha inayotangaza wazi kwamba haipiki nyama kabisa.

Ndugu yangu mwenye mzio, shida yako haiko kwenye sosi ya karanga inayoonekana juu ya sate (mishikaki), gado-gado na pecel, ambayo nayo ni mboga za sosi ya karanga. Iko kwenye kinu. Jiko la familia huwa na cobek moja au mbili, vile vinu bapa vya mawe, na kile kilichosaga karanga saa 4 ndicho kitakachosaga pilipili saa 5 baada ya kufutwa tu. Kikaangio nacho ni hivyohivyo: mafuta yaliyokaanga vitafunio vya karanga hukaanga na kuku wako. Neno la kutumia ni «kacang tanah», kwa sababu «kacang» peke yake hujumuisha kunde na jamii nzima ya maharage, na mpishi anaweza kudhani unazikataa mboga. Hata hivyo, mtu ambaye mzio wake umewahi kumfikisha hospitalini asitegemee maneno. Aende mahali panapopikwa chakula cha aina moja tu, kwa mfano supu ya mipira ya nyama ya bakso au samaki wa kuchomwa, akatae sambal zote, na awe na dawa yake mfukoni. Usiku wa kula kila kitu mezani na wenzako huenda usiwe wako, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuketi.

SWALI: Bei zimeandikwa 25 au 25K au 25.000. Na kwa nini bili wakati mwingine huongezeka? (Mfanyabiashara)

JIBU: Zote tatu ni rupia 25,000; nukta hutenganisha maelfu, na sifuri tatu za mwisho mara nyingi huachwa. Mgahawa uliosajiliwa kwa kodi hutoza kodi ya serikali ya mtaa isiyozidi asilimia 10, na ule wenye hadhi ya juu kidogo huongeza ada ya huduma, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Alama mbili za kujumlisha mbele ya bei zina maana kwamba vyote viwili bado havijaingizwa. Warung ndogo haina nyongeza hizo, na bakshishi si lazima. Kumwachia kijana chenji ni hisani, wala si deni.

Utaona kibandiko cha QRIS, msimbo wa malipo ambao Benki Kuu ya Indonesia iliuzindua 17 Agosti 2019, hata kwenye meza ya muuza supu. Unahitaji programu ya benki ya nchini au ya nchi iliyounganishwa nao, kama Thailand, Malaysia na Singapore. Kadi za benki hazipokelewi na familia nyingi. Beba noti za 10,000 na 20,000, kwa kuwa noti ya 100,000 asubuhi na mapema humfanya mama wa mgahawa azunguke majirani wote akitafuta chenji.

SWALI: Rafiki zangu wa Kiindonesia walinialika mgahawani siku ya kuzaliwa kwangu, kisha wakasubiri mimi nilipe. Ni desturi au ni utani? (Mwenye kuzaliwa)

JIBU: Ni desturi. Mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayewalisha wenzake, jambo linaloitwa traktir, na aliyepandishwa cheo kazini hudaiwa vivyo hivyo. Siku nyingine, aliyealika ndiye mlipaji, naye atakasirika kidogo ukimwahi kwenye sanduku la fedha, ingawa wazee hupenda kushindana hapo kwa dakika kadhaa. Wanafunzi na vijana hugawana bila aibu. Katika mwezi wa Ramadhani utaalikwa mara nyingi zaidi, kwa futari ya pamoja, na humo kila kundi lina utaratibu wake, hivyo uliza mapema. Mchana wa mwezi huo migahawa mingi ya Java huendelea kufanya kazi nyuma ya mapazia, lakini Aceh inakataza kuuza chakula cha kula hadharani mchana, na asiyefunga hana budi kujiandaa nyumbani.

SWALI: Nikishindwa kumaliza, naweza kubeba kilichobaki? Na ni kweli kwamba wali wa kubeba huwa mwingi kuliko wa kula palepale? (Mla haraka)

JIBU: Sema «bungkus» na utafungiwa, hata kama kimebaki kipande kimoja cha kuku. Kwenye meza ya hidang unachobeba ni kile ulichokwisha kukilipia tu; sahani ambazo hukuzigusa bado ni mali ya nyumba. Kuhusu wali, ndiyo, katika migahawa mingi ya Kipadang fungu la kubeba huwa kubwa zaidi, na maelezo yake ni mengi kuliko ushahidi. Wengine husema ni kwa sababu mchukuaji hula na familia yake nyumbani, wengine kwa kuwa hatumii sahani, maji ya kunawa wala kiti. Sisi tunaona maelezo hayo ya pili yana hesabu nzuri zaidi. Hufungwa kwa jani la mgomba ndani na karatasi ya kahawia nje, mchuzi ukiwa umeshamwagwa juu ya wali. Asiyetaka mchuzi uchanganywe aseme kabla ya karatasi kukunjwa.